Gome Chungu la Kivu

Malaria haihitaji kutambulishwa kwa mtu wa Buleusa, kijiji cha Walikale huko Kivu. Kwa miongo mingi, ilipomlemea mgonjwa, tegemeo lilikuwa kwinini, na mti wake hustawi katika baridi ya milima ya Kivu. Mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Java, iliyokuwa ikilisha dunia karibu kwinini yote, mashamba ya Kivu yalipata uzito mpya. Mji wa Bukavu ukapata kiwanda chake cha kwinini, Pharmakina.

Ninachokisifu ni ufundi wa kuitoa kwinini ndani ya gome la mti huo. Wanakemia Pelletier na Caventou waliitenga Paris mwaka 1820, nao wanastahili heshima yao. Lakini tazama kazi yenyewe. Ndani ya gome, kwinini imeshikamana na asidi za mti. Unga wa gome huchanganywa na chokaa na maji. Chokaa huzinyang'anya asidi hizo, kwinini ikabaki huru. Ikiwa huru hupenda mafuta kuliko maji, basi huhamia kwenye toluini ya moto, ambayo kama mafuta haichangamani na maji. Mafuta hayo yakichujwa, hutikiswa na maji yenye asidi kidogo ya sulfuriki. Kwinini hugeuka chumvi, huyaacha mafuta na kuingia majini. Asidi ikipunguzwa kwa kipimo na maji yakapoa, sulfeti yake hujitenga, sindano nyeupe zinazong'aa kama hariri. Hapa haraka huharibu: ukitikisa kwa nguvu mno, maji na mafuta hushikana kuwa mchanganyiko mzito usiotaka kuachana. Fundi hodari hujulikana kwa namna anavyosubiri.

Kwinini ni amini, na kemikali za aina hiyo hupenda asidi. Mapenzi hayohayo hutumika kinyume pale kinachotafutwa kinapokuwa asidi, kwa mfano asidi ya sitriki iliyotengenezwa na ukungu ndani ya maji yenye sukari. Amini yenye minyororo mirefu, isiyoyeyuka majini, huwekwa kwenye mafuta pamoja na alkoholi nzito, kisha hukutanishwa na maji hayo yakiwa baridi. Asidi huhamia kwenye mafuta. Uchafu mwingi hubaki. Baadaye mafuta hukutanishwa na maji ya moto, na joto hulegeza mshiko: asidi hurudi majini ikiwa safi zaidi, na mafuta yaleyale hurejeshwa kazini.

Natamani mwanafunzi wa kemia wa Walikale aanze somo hili kwa gome la Kivu, alishike na kuonja uchungu wake, ndipo afunguliwe kitabu.