Herufi Moja Yenye Nuru

Kutoka Bondeni, Mombasa, hadi hospitali ya Makadara, ambayo kwenye karatasi za serikali ni hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ni mwendo wa miguu. Mtu aliyekohoa kwa wiki kadhaa huombwa makohozi, na makohozi hayo hutiwa kwenye mashine ya GeneXpert. Kabla saa mbili hazijaisha, mashine imeshasema kama mna bakteria wa kifua kikuu na kama bakteria hao wamekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Zamani kulijua hilo la pili kulitaka vijidudu vioteshwe maabarani kwa wiki nyingi.

Mashine yenyewe ni sanduku tu. Ufundi umo ndani ya kibweta cha plastiki kinachopokea sampuli. Humo mna vipande vifupi vya DNA vilivyojikunja, kila kimoja ncha zake mbili zikigusana. Ncha moja imebeba rangi inayong'aa, ya pili imebeba kemikali inayoumeza mng'ao huo. Kipande kikikutana na DNA ya bakteria inayowiana nacho, hukunjuka, ncha zikaachana, rangi ikaonekana. Sanjay Tyagi na Fred Kramer wa New York walieleza mbinu hiyo mwaka 1996, na kipimo cha kifua kikuu kilichojengwa juu yake kikapata idhini ya Shirika la Afya Duniani Desemba 2010. Toleo la kwanza lilikuwa na vipande 5 vilivyogawana sehemu yenye herufi 81 tu, yaani besi za DNA, za jeni moja ya bakteria, kwa sababu karibu usugu wote wa rifampisini huzaliwa hapo. Toleo la Ultra, lililoidhinishwa mwaka 2017, lina werevu zaidi: linapandisha joto polepole na kutazama kipande kinabanduka kwenye digrii ngapi. Herufi moja ikibadilika, digrii hizo nazo hubadilika.

Hata hivyo, rangi hiyo imetundikwa kwenye ncha, kando ya mfululizo wa herufi. Itakwambia kama nyuzi mbili za DNA zimeshikana au zimeachana. Kama herufi ya katikati imelala sawasawa, imeinama au imechomoka, hilo haiwezi kukwambia. Kwa swali la namna hiyo wakemia walilazimika kuifanya herufi yenyewe itoe nuru, na hapa ndipo ninapowavulia kofia.

Kwa asili DNA ni kiza. Herufi zake humeza mionzi ya urujuanimno ya kiasi cha nanometa 260, lakini herufi moja moja hugeuza nishati hiyo kuwa joto kwa muda usiofika hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Nuru inayorudi ni kama fotoni moja kwa kila 10,000 zilizomezwa. Sisi tunaoshinda chini ya jua la Mombasa tumshukuru Mungu kwa hilo, maana nishati inayokaa sana ndani ya DNA huiharibu. Mtafiti ndiye anayeumia: anachotaka kukiona hakionekani.

Mwaka 1969 David Ward, Edward Reich na Lubert Stryer walichapisha vipimo vyao vya herufi bandia kadhaa zinazong'aa. Mojawapo ni 2-aminopurini, na ndiyo inayonishangaza zaidi kwa uchache wa kilichobadilishwa. Chukua adenini, herufi A. Ina kikundi cha amino kwenye nafasi ya 6. Kihamishie nafasi ya 2. Basi, umemaliza. Atomu ni zilezile: kaboni 5, hidrojeni 5, naitrojeni 5. Bado inashikana na thimini, herufi T, kwa vifungo viwili vya hidrojeni. Ni kama mshonaji wa kofia za mkono anayebadilisha uzi mmoja kwa uzi wa unene uleule: kofia haipindi, ua halipotei. Lakini ikiwa peke yake majini, herufi hii hutoa fotoni zaidi ya 60 kwa kila 100 inazomeza.

Utamu uko kwenye kuzimika kwake. Ikibanwa kati ya herufi jirani ndani ya DNA, mng'ao hupungua, wakati mwingine hata mara 100. Ikilegea, nuru hurudi. Mtafiti husoma mkao wa herufi kwa kupima nuru inavyofifia na kurejea. Tena huwashwa kwa mionzi ya kiasi cha nanometa 310, mbali na 260 ya DNA na 280 ya protini, kwa hiyo majirani hao hawaingilii kati.

Chukua mfano. Mwaka 1994 picha za fuwele zilionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: kimeng'enya cha HhaI, kabla ya kuitia herufi alama, huizungusha na kuitoa kabisa nje ya ngazi ya DNA. Lakini fuwele ni kitu kilichotulia. Je, hayo hutokea majini, kimeng'enya kikiwa kazini? Mwaka 1998 watafiti waliweka 2-aminopurini mahali pa herufi inayolengwa, na kimeng'enya kilipofika nuru ikapanda ghafla.

Ila zipo. Herufi hii huifanya ngazi ilegee kidogo, na mara nyingine hushikana na sitosini, herufi C, kimakosa. Huko Gothenburg, Uswidi, Marcus Wilhelmsson na wenzake walipima tC, ndugu mnene wa sitosini ambaye mng'ao wake haubadiliki sana, awe ndani ya ngazi au nje. Mwaka 2009 jamaa wawili wa ukoo huo waliwekwa ndani ya DNA moja, mmoja akimpokeza mwenzake nishati, na umbali na pembe kati yao vikapimika. Ni kazi safi. Nikiulizwa, bado nampa nishani mkongwe wa 1969, kwa sababu aligusa kidogo kuliko wote.

Mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma haya, chukua kalamu uchore adenini, kisha hamisha kile kikundi kimoja. Hesabu atomu kabla na baada.