Mkia wa 100!

Iambie Excel ikokotoe faktoriali ya 25, yaani zao la namba zote nzima kuanzia 1 hadi 25, kisha badili umbizo la seli liwe la namba (Number) na panua safu hadi tarakimu zote zionekane. Utaona 15511210043331 ikifuatwa na sufuri 12. Si kweli. Thamani halisi ni 15511210043330985984000000, na sufuri zake za mwishoni ni sita tu. Programu hiyo hukadiria namba hadi tarakimu 15 za mwanzo, zinazobaki inazijaza sufuri. Kichwa cha namba unakipata, mkia unaghushiwa. Ajabu ni kwamba mkia huo unapatikana kwa kalamu, hata wa 100!, namba yenye tarakimu 158.

(Alama ya mshangao tunayoitumia kuandika faktoriali ni ya Christian Kramp, Mfaransa aliyeianzisha mwaka 1808.)

Tuanze na sufuri, maana hazina kazi kubwa. Kila sufuri ya mwishoni inatokana na 10, na 10 ni 2 mara 5. Katika faktoriali, 2 zimejaa tele; zinazoadimika ni 5. Basi hesabu 5. Kuanzia 1 hadi 100 kuna vigawe 20 vya 5, na hapo ndipo wanafunzi wengi huweka kalamu chini. Lakini 25, 50, 75 na 100 kila moja ina 5 mbili ndani yake, kwa hiyo ongeza nne. Jumla ni sufuri 24. Ndiyo sababu pia 24! ina sufuri nne na 25! ikaruka hadi sita: hakuna faktoriali yoyote inayoishia na sufuri tano kamili.

Utamu wenyewe uko kwenye tarakimu inayotangulia sufuri hizo. Hapa kuhesabu tu hakutoshi.

Zigawe namba katika mafungu ya tano tano, na katika kila fungu weka kando kigawe cha 5. Nne zinazobaki zizidishe: 1×2×3×4 ni 24, 6×7×8×9 ni 3024, 11×12×13×14 ni 24024. Zote zinaishia na 4. Sasa ile 5 iliyowekwa kando inadai 2 moja ili iwe 10, kwa hiyo gawanya kila zao kwa 2: 12, 1512, 12012. Zote zinaishia na 2, na itakuwa hivyo kwa kila fungu, hata ukifika mbali kiasi gani. Kwa maneno mengine, kila fungu linaacha 2 moja kwenye mkia.

Je, vile vigawe vilivyowekwa kando? Ukishaviondolea 5 moja moja, 5, 10, 15 hadi 100 vinabaki 1, 2, 3 hadi 20. Hiyo ni 20! yenyewe. Swali kubwa limezaa swali lilelile, dogo mara tano. Kwa maoni yangu, hatua hii ndiyo roho ya mbinu nzima.

Basi 100! ina mafungu 20. Vipeo vya 2 huzunguka 2, 4, 8, 6, na cha 20 kinaishia na 6. Kwa 20! mafungu ni manne: 2 kwa kipeo cha 4 ni 16, tunabaki na 6, tunaizidisha kwa 4!, yaani 24, ambayo mkia wake ni 4. Sita mara nne ni 24, kwa hiyo mkia wa 20! ni 4. Hakiki: 20! ni 2432902008176640000. Rudi juu: 6 mara 4, tena 4. Kabla ya sufuri zake 24, 100! ina 4.

Namba isipogawanyika kwa 5, baki lake nalo linazidishwa: kwa 8!, fungu moja linatoa 2, baki ni 3, na 2 mara 3! ni 12, mkia 2. Ni kweli, 8! ni 40320.

Mwenye kalamu ajaribu 1000!. Njia ni 1000, 200, 40, 8. Sufuri ziwe 249, na tarakimu inayozitangulia iwe 2. Ukipata nyingine, anza kukagua kwenye 40.