Mota Nzima, Kamba Imekatika

Miongoni mwa vifaa vidogo vya gari kuukuu vinavyodhulumiwa kwa hukumu ya haraka, antena inayopandishwa na kushushwa kwa mota imo katika safu ya mbele. Kwani siku inapokataa kuitii redio, mwenye gari huambiwa kwamba mota imekufa, hutozwa thamani ya mota nyingine, na aghalabu ile iliyong'olewa na kutupwa huwa ingali na uhai wa miaka mingi. Katika Turwa, na kote baina ya Tarime na Mugumu, ambako Land Cruiser za mfululizo wa 80, zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1990, bado zinahesabiwa kuwa gari za kazi wala si za makumbusho, ni jambo la kawaida kuiona fimbo ya antena imesimama nusu juu ya fenda, haipandi wala haishuki, na mwenyewe amekwisha kuizoea.

Urefu wa fimbo hiyo haukuwekwa kwa mapambo. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na robo yake ni sentimita 75, ambacho ndicho kipimo kinachoifaa antena ya gari kulipokea wimbi hilo barabara. Kwa hiyo fimbo iliyokwama nusu haiifanyi redio kuwa bubu, illa inaipunguzia uwezo wa kukamata vituo vya mbali, na katika nchi ya milima na mabonde kama ya Tarime upungufu huo hudhihiri upesi. Wakati wa Redio Tanzania Dar es Salaam, tulipokuwa tukisikiliza masafa ya kati ambayo wimbi lake moja hupimwa kwa mamia ya mita, hapakuwa na fimbo ya gari iliyoweza kukaribia hata robo ya wimbi, na hivyo kila sentimita ilikuwa na faida yake.

Ndani ya antena hii mna hila nyepesi. Fimbo ni mirija kadhaa iliyoingizwa mmoja ndani ya mwingine, na ulio mwembamba kuliko yote umefungwa chini yake kamba ngumu ya nailoni yenye meno upande mmoja. Kamba hiyo hushuka hadi kwenye gurudumu la meno linalozungushwa na mota, ambalo huisukuma juu au kuivuta chini na kuiviringisha ndani ya kikombe cha duara. Umeme huifikia mota kwa waya tatu: mmoja una moto wa betri daima, mmoja ni wa bodi, na wa tatu hutoka kwenye redio kuja kuiamsha rilei. Redio ikiwashwa, waya huu wa tatu hupata moto na fimbo hupanda. Redio ikizimwa, moto huo hukatika, rilei hugeuza mwelekeo, na fimbo hushuka kwa nguvu ya ule waya wa kwanza. Ndiyo maana fyuzi ya waya wa kwanza ikiungua fimbo iko juu, hubaki juu hapo hapo, na dereva akadhani kuwa kuna kitu kimeikaba.

Fundi mwenye insafu, kabla ya kushika spana, husikiliza. Akiwasha redio na asisikie chochote, shauri ni la umeme, naye ataanza kwenye fyuzi na rilei. Akisikia mota inavuma kwa sekunde kadhaa kisha ikanyamaza, ilhali fimbo haikutikisika, mota ni nzima na kilichokatika ni kamba. Mlio wa kukwaruza, krr, krr, krr, huonyesha kwamba meno yanashika na kuteleza, ama kwa sababu yamelika, ama kwa sababu fimbo imepinda na haipiti katika mirija yake. Sauti hizi tatu zingetosha kuwaepusha watu wengi na gharama, lau zingesikilizwa kwa utulivu pasipo watu watatu kuzungumza juu ya boneti.

Gari nililolishuhudia likitengenezwa Turwa lilikuwa la namna ya pili. Ni gari lililozoea vipande visivyo na lami vya njia ya Nyamongo, na fimbo yake ilisimama shubiri moja juu ya fenda. Fundi aliifungua nati ya juu, akamwambia kijana awashe redio, na mota ilipovuma akaivuta fimbo kwa mkono taratibu. Ikatoka na kipande cha kamba kisichozidi urefu wa kidole, ncha yake imekuwa nyeupe pale ilipovunjikia. Sehemu kubwa ya kamba, basi, ilikuwa imebaki ndani ya kikombe, na hapo hapakuwa na njia ya mkato: ilibidi plastiki ya ndani ya fenda ishushwe na chombo chote kitolewe.

Plastiki ilishuka na udongo wake. Kimpira cha kutolea maji, ambacho kazi yake ni kuyapitisha maji ya mvua yanayopenya kandokando ya fimbo na kuyamwaga chini, kilikuwa kimezibwa na matope yaliyokauka mithili ya tofali. Kwa sababu hiyo maji yalikaa ndani, grisi ikachanganyika na vumbi ikawa ngumu, na mota ikawa inaivuta kamba kwa nguvu zake zote dhidi ya uji uliogandamana. Nailoni ya miaka thelathini haiwezi kuvumilia mvutano huo. Hiki ndicho kiini cha ugonjwa, nacho hakionekani na fundi anayebadilisha fimbo kutoka juu bila ya kutazama chini. Atafunga kamba mpya ndani ya uchafu ule ule, nayo itakatika vile vile.

Fundi wetu alizifungua skrubu za kifuniko, akaviondoa vipande vya kamba kimoja kimoja, akayafuta magurudumu ya chuma kwa mafuta ya taa na ya plastiki kwa kitambaa kikavu tu, akahesabu meno kwa ncha ya kucha ili ajue kama lipo lililovunjika, kisha akapaka grisi nyeupe kidogo mno. Kimpira alikizibua kwa waya, akamimina maji juu na kungoja yatoke chini kabla hajarudisha kitu.

Fimbo mpya huuzwa pamoja na kamba yake, bila ya mota, na kuitia kunataka subira kuliko nguvu. Chombo kikisharudi mahali pake na redio ikiwa imewashwa, kamba huingizwa kwenye tundu, meno yakielekezwa upande wa gurudumu, hadi iguse chini; ndipo redio huzimwa na mota huivuta. Isipovutwa, huzungushwa kidogo kwa vidole mpaka meno yakutane. Mara ya kwanza fimbo ilibaki juu kiasi cha nusu shubiri, na mwenye gari akaanza kulalama. Fundi hakumjibu, akaifunga nati, akawasha na kuzima redio tena, fimbo ikaketi sawasawa. Ni tabia yake kujirekebisha hivyo.

Hata hivyo sauti ya redio haikuwa safi, na hapa ndipo wengi huirudia antena na kuilaumu bure. Redio zilizokuja na magari ya Kijapani zilitengenezwa kwa FM ya megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu hufika 108. Kwa hiyo katikati ya waya wa antena na redio hutiwa kijisanduku ambacho mafundi hukiita ekspanda, chenye kuteremsha masafa, kwa mfano kwa megahezi 12, hata kituo cha 98 kikasomeka 86. Plagi za kijisanduku hicho zilikuwa zimelegea na kushika kutu. Aidha fundi alipima kwa mita: baina ya fimbo na pini ya katikati ya plagi umeme ulipita, na baina ya fimbo na bodi haukupita, kama inavyostahili, kwani ukipita hapo, unyevu umekwisha kuingia.

Kuhusu matunzo, kosa lililoenea ni kuipaka fimbo mafuta ya injini ili iteleze, nayo huyakamata mavumbi yote na kuyashusha ndani kila inaposhuka. Kitambaa safi chenye unyevu kidogo, fimbo ikiwa juu kabisa, kinatosha. Na wanaofunga redio mpya wauunge waya wake wa bluu kwenye waya wa kuamshia rilei tu, kwani mkondo wake ni mdogo mno kuizungusha mota yenyewe. Fundi huyu wa Turwa aliutilia waya huo swichi ndogo chini ya dashibodi, ili dereva anayesikiliza nyimbo za flashi aiache fimbo chini, isikwanguliwe na matawi njiani.