Mbele ya Siafu

Siafu wakiingia nyumbani, mwenye nyumba hukimbilia majivu au mafuta ya taa. Wakipita chini ya miti ya msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, yuko anayewakimbilia wao: alethi kifua-kahawia. Ni ndege mdogo asiye na rangi za kujivunia: mgongo wa kahawia, kichwa cha kijivu, koo jeupe, miguu mirefu iliyopauka. Wageni wengi wa msitu hawamwoni kabisa, maana shingo zimeelekea juu wakimtafuta shorobo.

Alethi hawafuati siafu ili awale. Anachotaka ni vile vinavyowakimbia: nyenje, mende, buibui, viwavi. Siafu vibarua hawana macho, lakini wakitandaa juu ya majani makavu hakuna jani lisilopekuliwa. Alethi hukaa mbele yao kama kijana anayengoja panya kando ya shamba linalochomwa.

Mtazame akiwa kazini. Ameshika kijiti kilichosimama wima, karibu sana na ardhi, mwili umelala upande, kichwa kimeinama. Mende anachomoka chini ya jani. Ndege hatikisiki. Mende yule bado yumo katikati ya siafu, na kumfuata huko ni kujitakia. Anamwacha akimbie mpaka avuke ukingo, afike penye majani ambayo siafu hawajayafikia. Hapo ndipo anaposhuka, anamdonoa, na kabla taya hazijampata miguuni amesharudi kijitini. Mimi namhusudu zaidi kwa vile anavyoviacha. Ndege mwenye njaa anayeweza kumtazama mende mnono akipita, asimguse, huyo kafuzu.

Siafu wakisogea, naye anasogea, kijiti hadi kijiti, akilinda nafasi yake mbele. Korogoto na kurumbiza nao huja kujipatia chochote, kisha hurudi kwenye shughuli zao nyingine. Alethi hana shughuli nyingine ya kutegemea kiasi hicho. Na kwa kuwa kundi moja la siafu haliwindi kila saa, anahitaji msitu wenye makundi mengi.

Hapo ndipo penye tatizo, msitu unapokatwa vipande. Malkia wa siafu hana mabawa. Kundi likigawanyika, malkia husafiri kwa miguu pamoja na vibarua wake, na shamba lililo wazi kati ya vipande viwili vya msitu ni safari ngumu mno. Watafiti waliochunguza vipande vya Kakamega waliona kwamba siafu aina ya Dorylus wilverthi wamepungua katika vipande vidogo, na ndege wanaowafuata wamepungua vibaya. Siafu bado wamo humo, wanauma vilevile, ila wengi wao ni wa aina nyingine, Dorylus molestus, na inaonekana hao hawakutosha kumbakisha alethi.