Misofonia si kero ya kutafuna tu



Mwaka 2023 vyombo vya habari hapa Uingereza vilitangaza kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya watano huenda ana misofonia, ile hali ya kutostahimili sauti fulani fulani. Asilimia 18.4 ya watu 772: alama za dodoso hizo, si cheti cha daktari. Haya, tuyaache. Mimi kilichonichosha ni habari kung'ang'ania sauti za kutafuna. Jamani, nani asiyekereka? Watafiti wenyewe walisema tofauti iko katika kuhisi umenaswa, huna pa kukimbilia. Hilo likapita chini chini. Na sisi tunaokula sinia moja, kijana akiinuka ghafla jamvini tunasema hana adabu (wengine watamtafutia mganga). Nani kamwuliza anasikia nini?