Fundi wa Anwani Zilizopotea

Katika kazi ya programu, namheshimu sana fundi anayekaa kati ya makro ya Excel na maktaba iliyoandikwa kwa C, akitafuta pande hizo mbili zimekosana wapi. Kosa la kawaida la makro lina huruma: ujumbe unatokea, mstari unapakwa njano, unajua pa kuanzia. Hapa Excel huzimika tu, na kazi ambayo haikuhifadhiwa inakwenda nayo.

Makro huikabidhi maktaba anwani ya funksheni yake kwa neno AddressOf, lililoingia kwenye VBA, lugha ya makro za Office, pamoja na Office 2000. Wakati ukifika, maktaba huiita funksheni hiyo. Ni kama kumwachia jirani namba ya simu. Tarakimu ikipungua, atakayepokea si wewe.

Tazama SetTimer, funksheni ya Windows ya kuita baada ya muda. Windows imepewa anwani na muda wa kuita, inaita, mambo shwari. Mtu anabonyeza kitufe cha kusimamisha makro ili arekebishe mstari mmoja. Makro imefutika kwenye kumbukumbu, ila Windows haina habari. Muda ukitimia inaita palepale pa zamani, na Excel inaanguka. Asiyezoea ataulaumu mstari aliokuwa akiuandika. Fundi huuliza: nani bado ameshika anwani ya zamani? Kisha anahakikisha KillTimer, inayofuta mwito huo, inatangulia kabla makro haijasimamishwa. Swali hilo ndilo linalonifanya niipende kazi hii, maana linamtoa mtu pale palipoanguka na kumrudisha palipoanza kuharibika.

Au ByVal iliyosahaulika, neno linalosema thamani yenyewe ipokelewe, si anwani yake. EnumWindows ya Windows huiita funksheni yako na kuiletea namba ya dirisha. VBA, kwa desturi yake ya ByRef, inaidhania kuwa anwani na kwenda kusoma mahali pasipokuwepo. Neno moja tu!

Office 2010 ilipoleta toleo la biti 64, anwani zikawa za baiti 8, ilhali Long ya VBA ilibaki na baiti 4. Ndiyo maana ikaja LongPtr, aina inayoitosha anwani, pamoja na PtrSafe, neno la kuwekwa kwenye tamko la funksheni ya maktaba. Wengi walibandika PtrSafe wakaacha Long zao kama zilivyokuwa. PtrSafe haibadilishi kitu ndani ya tamko. Ni neno la mwandishi kwamba amekagua. Basi ukirithi faili la namna hiyo, usiliamini neno hilo: pitia matamko yote, na kila Long inayobeba anwani uifanye LongPtr.