Sauti ya Kuazima: Sarafina! Mbele ya Mtazamaji wa Kibera na Kawangware

Mtazamaji aingiaye katika kibanda cha video huko Laini Saba, Kibera, au karibu na kituo cha 46 kule Kawangware, haendi na unyenyekevu wa mtu aliyelipa kiti cha jumba la sinema la mjini. Huketi juu ya fomu, bega kwa bega na wenziwe. Humwonya mwigizaji, humzomea askari, hubishana na jirani yake kuhusu jambo litakalofuata. Kwa istilahi za fasihi simulizi, hii ni hadhira tendi. Basi hiyo ndiyo ipasayo kuulizwa swali ambalo wahakiki wa filamu wamezoea kulipita kando: mchezo wa jukwaani uliojengwa juu ya nyimbo unapogeuzwa kuwa filamu, yule aliyepaswa kuuitikia wimbo huwekwa wapi?

Hapana mfano ulio karibu zaidi na hadhira hiyo kuliko Sarafina! Mbongeni Ngema aliutunga mchezo huu, katika nyimbo akishirikiana na Hugh Masekela, nao ukaonyeshwa mara ya kwanza katika Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987. Mwaka 1988 ulikuwa umefika Broadway, New York, ambako uliigizwa mara 597 kabla ya kufungwa mwaka 1990. Filamu iliyoongozwa na Darrell James Roodt ilitoka mwaka 1992. Leleti Khumalo, aliyeigiza Sarafina jukwaani, aliendelea kuwa Sarafina. Miriam Makeba akawa mama yake, mtumishi katika nyumba ya Wazungu. Whoopi Goldberg akaletwa kutoka Marekani kuwa mwalimu.

Miaka mitano iliyo baina ya jukwaa na filamu si mingi, lakini imebadili sarufi ya kazi nzima. Mwaka 1987 Nelson Mandela alikuwa bado gerezani, na watoto walioimba juu ya kufunguliwa kwake walikuwa wakitaja jambo ambalo halijawa. Kitenzi chao kilikuwa cha wakati ujao, na kila aliyeketi ukumbini alijua hatari ya kitenzi hicho. Mandela alitoka tarehe 11 Februari 1990. Filamu ilipomfikia mtazamaji, tumaini lilikwisha kuwa kumbukumbu, japo uchaguzi wa watu wote ulikuwa bado kufanyika hadi Aprili 1994. Mwenye shaka ana haki ya kusema kuwa filamu inamwomba atumaini jambo ambalo tayari amelisoma gazetini.

Kasoro ya pili ni ya jicho. Jukwaani kundi la wanafunzi husimama mbele ya hadhira likiwa kundi. Mtu hutazama amtakaye, na wimbo huwa wa wote. Kamera haina subira hiyo. Humchagua mmoja, humsogelea, huonyesha chozi lake, na kiitikio cha umma hugeuka kuwa muziki wa nyuma wa huzuni ya mtu mmoja. Roodt hana ubaya wote, kwani mandhari ya Sarafina akimtembelea mama yake kazini yana ukimya ambao jukwaa lisingeweza kuutoa. Hata hivyo, ukimya huo umenunuliwa kwa bei ya kwaya.

Kubwa zaidi ni suala la lugha. Wanafunzi wa Soweto waliandamana tarehe 16 Juni 1976 kwa sababu walilazimishwa kufunzwa kwa Kiafrikana. Filamu inayosimulia uasi huo dhidi ya lugha ya kulazimishwa huzungumza Kiingereza karibu muda wote, na kuimba kwa Kizulu. Kwa mtazamaji wa Kawangware asiyekipata Kiingereza sawasawa, hoja ya mgogoro humpita, akabakiwa na risasi, moto na ngoma. Filamu kuhusu lugha imemfungia mlango kwa lugha!

Hapa ndipo inapofaa kumleta msimulizi wa filamu. DJ Afro na wenzake wamejijengea jina katika vibanda kwa kuzisimulia filamu za mapigano na za Kihindi kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, sauti yao ikipanda juu ya sauti za waigizaji. Msomi mwepesi wa dharau atasema kuwa huko ni kuiharibu kazi. Lakini na akumbuke kwamba Hollywood nayo iliazima sauti: Marni Nixon ndiye aliyemwimbia Natalie Wood katika West Side Story ya mwaka 1961, na nyimbo nyingi za Audrey Hepburn katika My Fair Lady ya mwaka 1964, wala jina lake halikutajwa katika orodha ya waliotenda. Hollywood iliificha sauti ya kuazima. Msimulizi wa kibandani hujitaja jina, hukatiza, hutania, humlaumu shujaa. Anafanana zaidi na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, waliohudhuria mazoezi ya Ngaahika Ndeenda mwaka 1977 na kuwasahihisha waigizaji hadi nyimbo na miondoko ikawa yao. Serikali iliuzuia mchezo ule Novemba mwaka huo huo, na hilo lilikuwa kiri ya kinyume kwamba hadhira yenye kusahihisha ni hadhira ya kuogopwa.

Ila ufundi wa msimulizi una ukomo, nao uko kwenye wimbo. Mazungumzo yana mapengo ya kupenyeza sauti, kwaya haina. Msimulizi aidha auzime wimbo kwa maneno yake, aidha anyamaze, na hapo tafsiri husimama. Wataalamu wetu wa tafsiri wamejadili sana Shakespeare wa Nyerere, lakini wimbo wa filamu, unaotaka mizani, pumzi na mdomo wa mwimbaji vilingane, haujapewa nafasi inayoustahili.

Hata ukimya huo una fumbo lake. Katika nyimbo za Sarafina! limo neno vuma. Kwa Kizulu maana yake ni kukubali, kuitikia. Mswahili hulisikia kama mvumo wa ngoma au wa upepo. Mtazamaji wa Kibera ameikosa maana, lakini, akiwa pale kwenye fomu, anaitikia.